Vipande Kumi na Vitano vya Sukari

Tamaa ni kitu kigumu kuandika. Mtunzi asiyekomaa humpa mhusika wake macho ya kung'aa, mikono ya kutetemeka mbele ya dhahabu na kicheko cha kutisha, kisha humwangamiza mwishoni ili msomaji akalale kwa amani. Methali yetu inasema tamaa mbele, mauti nyuma, na waandishi wengi wameifanya ramani: wameandika ile mbele, wameandika ile nyuma, wameruka kilichopo katikati. Joseph Conrad aliandika katikati. Alitaka kujua jinsi mtu wa kawaida kabisa, anayempenda binti yake na kulaani utumwa kwa kinywa kipana, anavyofika hatua kwa hatua mahali pa kupima pembe za ndovu zilizolipiwa kwa watu kumi waliokuwa chini ya ulinzi wake. Hatua hizo zote aliziweka katika hadithi fupi moja, "An Outpost of Progress", na ningependa tuipitie polepole, maana kazi ya namna hii haionekani kwa msomaji mwenye haraka.

Wengi wanamjua Conrad kwa Heart of Darkness, na ni kweli kwamba riwaya hiyo fupi ina uzito wake. Lakini ukungu wa maneno yake ni mwingi. Kurtz, yule wakala wa pembe aliyejigeuza mungu mdogo msituni, tunamwona kwa mbali, kupitia sifa na uvumi wa wengine, na tunapomfikia amekwisha kuoza. Katika hadithi hii ndogo tunawaona wawili wakioza mbele yetu, mchana kweupe, barazani. Kwa anayetaka kujifunza ufundi, hapa ndipo karakana ilipo.

Conrad aliijua kazi aliyokuwa akiiandika. Alizaliwa mwaka 1857 huko Berdychiv, kwa wazazi Wapolandi, akipewa jina la Józef Teodor Konrad Korzeniowski, na Kiingereza alichokuja kukiandika kilikuwa lugha yake ya tatu, aliyojifunza ukubwani akiwa baharia. Mwezi Juni 1890 alifika Matadi kwa ajira ya kampuni ya Kibelgiji iliyonunua pembe katika Kongo ya juu. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu hadi Kinshasa, akapanda stima iitwayo Roi des Belges, na mwanzoni mwa Septemba akawa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Wakati wa kurudi stima ilimbeba wakala mgonjwa, Georges Antoine Klein, aliyefia njiani. Conrad mwenyewe aliugua, akarejea Ulaya na mwili uliodhoofika, akiwa na maandishi ya riwaya yake ya kwanza ambayo hayakuwa yamekwisha.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama kidogo hapo Stanley Falls. Kwa miaka mingi pembe za sehemu zile zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani ya kwetu, na mwaka 1887 Tippu Tip alikubaliana na watu wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji awe wali wa mahali hapo. Maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yamejaa frasila za pembe, wapagazi na mapigano, yakisimuliwa kwa utulivu wa mtu anayesoma orodha ya mali. Nalisema hili mapema kwa sababu hadithi ya Conrad haituruhusu kukaa pembeni kama watazamaji wenye mikono safi. Inamhusu kila aliyewahi kushika ncha moja ya pembe.

Aliiandika mwaka 1896, akiwa katika fungate pwani ya Brittany, Ufaransa. Ilitoka katika jarida la Cosmopolis mwaka 1897, ikaingia katika mkusanyo wa Tales of Unrest mwaka uliofuata. Jarida moja lilipomtaka mwaka 1906 achague hadithi yake fupi iliyo bora na aeleze kwa nini, alichagua hii. Nadhani alichagua sawa.

Hadithi yenyewe ina watu wachache. Kituo cha biashara kando ya mto, katika nchi isiyotajwa jina. Kayerts ndiye mkuu: mfupi, mnene, aliyefanya kazi ya telegrafu kwao kwa miaka 17, na amekuja Afrika atafute mali ya kumwozea binti yake. Carlier ni msaidizi wake, mrefu, miguu myembamba, askari wa zamani wa farasi ambaye ndugu wamemchoka. Wa tatu ni karani kutoka Sierra Leone, ambaye mwenyewe anasema anaitwa Henry Price lakini watu wa mtoni humwita Makola. Ana mke na watoto watatu, ana mwandiko mzuri, na ndiye mwenye kushika daftari na ufunguo wa ghala lenye shanga, vitambaa na waya wa shaba. Mkuu wa kwanza wa kituo, mchoraji aliyeshindwa kwao, amekwisha kufa kwa homa. Amelala mahali pale pale, chini ya msalaba uliokwenda upande.

Stima inapowashusha wawili hawa na kuondoka, mkurugenzi wa kampuni, akiwa bado anauona ufuo, anamwambia mtumishi wake wa siku nyingi kwamba wale ni wapumbavu, kwamba kituo hakina faida, na kwamba kituo na watu wake wamefanana. Conrad anaiweka kauli hiyo mwanzoni kabisa, na kwa mtunzi huo ni uamuzi mzito. Ameitupa silaha ya kumshtua msomaji. Tangu ukurasa wa pili tunajua kwamba hawa hawatafanikiwa, na kwamba aliyewatuma anajua. Kinachobaki ni kutazama namna. Zaidi ya hapo, tumekwisha kuona kwamba uovu wa kwanza katika hadithi haukufanyika msituni. Umefanywa na mtu aliyevaa vizuri, aliyesimama kwenye sitaha, anayewaacha binadamu wawili mahali ambapo haamini wataweza kuishi, kwa sababu nafasi mbili zilikuwa wazi katika orodha yake ya watumishi.

Kwa miezi kadhaa hawafanyi lolote. Wanasoma riwaya kuukuu zilizoachwa na marehemu, wanalia kwa ajili ya wahusika wa vitabuni, na wanapokuta gazeti la zamani la kwao linalosifu kuenea kwa makoloni na kazi takatifu ya kupeleka nuru, wanajiona wao ndio wanaosemwa. Carlier anaota kwamba baada ya miaka mia patakuwa na mji hapo, wenye gati, kambi za askari na vyumba vya biliadi, na watu watakumbuka kwamba wao wawili ndio waliotangulia. Siku moja asubuhi anakwenda kuunyoosha ule msalaba wa kaburini. Anauchimbia vizuri, kisha anarudi kwa Kayerts na kumweleza kwamba ameujaribu kwa kuning'inia kwa mikono miwili, na haukutikisika.

Msomaji wa mara ya kwanza hupita hapo bila kujali. Ni mtu mvivu aliyefanya kazi ndogo na kutaka asifiwe. Lakini ukiisoma hadithi mara ya pili, sentensi hiyo inakupiga kifuani, maana mwishoni Kayerts atajinyonga kwenye msalaba huo huo, na utambeba vizuri. Fundi wa jahazi hutoboa tundu la msumari siku nyingi kabla ya kufika na nyundo; Conrad alifanya vivyo hivyo, na tundu lake alilificha ndani ya majigambo ya Carlier ili tusilione. Jambo jema pekee ambalo watu hawa wanalifanya kwa mikono yao katika hadithi nzima, na hata hilo linakuja kuwa mti wa kunyongea.

Kisha wanakuja wageni. Ni watu wenye bunduki kutoka pwani, upande wa Luanda, ambao mke wa Makola anaielewa lugha yao. Makola anamwambia Kayerts kwamba ni watu wabaya, wanapigana, wanakamata wanawake na watoto. Halafu, baada ya kimya kidogo, anauliza kama bosi angependa kupata pembe. Conrad hamfanyi Makola aeleze mpango. Wala hamfanyi Kayerts akubali. Kinachofuata ni pendekezo la ukarimu: kituo kina vibarua kumi, waliotoka mbali, walioandikwa kwa miezi sita na sasa wamepitisha miaka miwili bila kurudishwa kwao, wamedhoofika na hawana kazi. Makola anasema heri wapewe pombe ya mchikichi usiku huu, wacheze ngoma, kesho watafanya kazi vizuri. Kayerts anasema sawa.

Hilo ndilo tendo lake lote. Amesema sawa kuhusu pombe. Usiku kuna ngoma, kuna kelele, kuna mlio wa bunduki, na asubuhi vibanda vya vibarua ni vitupu. Pembe nzuri zimelala karibu na ghala. Kayerts anapoelewa, anapiga kelele, anamfukuza Makola kazi, anaamuru pembe zitupwe mtoni. Makola anamsikiliza kwa upole wote, kisha anamwonya kwamba akikasirika namna hiyo juani atapata homa na kufa kama mkuu aliyetangulia. Anaeleza pia kwamba biashara ile haikuwa ya kawaida, kwa hiyo haina la kuandikwa daftarini, na hesabu zote ziko sawa.

Nimesoma riwaya nyingi za ukoloni zenye mijeledi, moto na maiti, na chache zimenitia baridi kama karani huyu mwenye daftari safi. Conrad alitambua jambo ambalo waandishi wa ripoti walichukua muda mrefu kulionyesha: kwamba katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold tangu 1885 hadi 1908, dhuluma ilikwenda pamoja na uandishi mzuri wa hesabu. Katika Heart of Darkness kuna mhasibu mkuu mwenye kola iliyopigwa wanga, anayelalamika kwamba milio ya mgonjwa aliyelazwa ofisini mwake inamkosesha umakini wa kujumlisha, huku wafanyakazi waliochoka wakifa chini ya miti hatua chache kutoka mlangoni. Vitabu vyake havina kosa hata moja. Makola ni ndugu yake, na alitangulia kuandikwa.

Siku inayofuata linakuja onyesho ambalo kwangu ndilo kilele cha ufundi wa Conrad, na linachukua ukurasa mmoja tu. Kayerts na Carlier wameshakubaliana kwamba utumwa ni jambo la kuogofya. Wanayaamini maneno yao. Conrad anasisitiza hilo, na yuko sahihi kusisitiza, kwani mtu mnafiki ni rahisi kumwandika kuliko mtu anayeamini maneno yake wakati mikono inafanya kinyume. Uani Makola anaitundika mizani kubwa ya kupimia pembe. Carlier anatoka kwa kujikokota, kana kwamba anapunga hewa. Kayerts anamfuata. Wanasimama kutazama. Makola hawaangalii. Mizani inapokaa sawa, anajaribu kuinua pembe moja, inamshinda uzito. Anainua macho bila kusema neno.

Kwa muda, wote watatu wanasimama kimya kuizunguka mizani. Hapo ndipo hadithi inapogeuka, na hakuna anayesema kitu. Mtunzi mwingine angetuingiza kichwani mwa Kayerts, atueleze mapambano ya nafsi, dhamiri upande huu na mali ya binti upande ule. Conrad anakaa nje. Anatuachia watu watatu, mizani moja na pembe isiyoinuka. Ghafla Carlier anamwita Makola mnyama na kumwambia ashike upande wa pili, na wawili hao wanaipandisha pembe pamoja. Angalia tusi lilivyowekwa. Carlier anamtukana Makola katika pumzi ile ile anayoshirikiana naye. Tusi ndilo linalomruhusu kushika. Anaweza kujiona bado yuko upande wa haki, kwa sababu amemwita mwenzake mnyama.

Na Kayerts? Anatetemeka mwili mzima. Anatia mkono mfukoni, anakuta kijikaratasi kichafu na kipande cha penseli. Anawapa wenzake mgongo, kama mtu anayetaka kufanya jambo la siri, na kuanza kuandika uzito ambao Carlier anautamka kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Nimekaa na sentensi hizo mara nyingi, na kila mara naona kitu kipya ndani yake. Mkono ulitangulia kwenda mfukoni kabla ya akili. Karatasi ni chafu, penseli ni kipande. Hakuja tayari, na kwa hiyo anaweza kujiambia kwamba hakukusudia. Ameugeuza mgongo, lakini sikio ameliacha wazi. Na ile sauti ya Carlier iliyozidi kipimo, ni sauti ya mtu anayetaka tendo liwe la kawaida kwa nguvu ya kelele. Hakuna neno tamaa, hakuna neno dhambi. Kuna mtu mnene, mgongo wake, na tarakimu.

Kazi inapokwisha Makola ananong'ona, kama anayesema na nafsi yake, kwamba jua la hapa ni kali mno kwa pembe. Carlier anasema basi na amsaidie kuziingiza ghalani. Wanaporudi nyumbani Kayerts anashusha pumzi na kusema haikuwa na budi. Carlier anamalizia kwa hoja ya kisheria: ni jambo la kusikitisha, ila wale walikuwa watu wa kampuni, basi na pembe ni za kampuni, na mali ya kampuni lazima itunzwe. Watatoa taarifa kwa mkurugenzi, aamue yeye. Mchana wanakula vizuri. Kila wanapolitaja jina la Makola wanaongeza tusi, na dhamiri inapata nafuu. Baadaye kidogo, kwa sentensi moja inayopita kama haina maana, tunaambiwa wamekwisha kupiga hesabu ya asilimia zao katika mauzo, pamoja na ile biashara ya fedheha, na wameamua mkurugenzi asiambiwe.

Ni lazima kusema pia pale ambapo mkono wa fundi huyu unatetereka. Mwaka 1975 Chinua Achebe, katika mhadhara uliokuja kusomwa kote duniani, alimshtaki Conrad kwa ubaguzi wa rangi, kwamba alilifanya bara zima kuwa pazia la nyuma ya wazimu wa Mzungu mmoja. Shtaka lile lilihusu Heart of Darkness, na halijafutika. Hata katika hadithi hii, Conrad anamwekea Makola moyoni ibada ya pepo wabaya, jambo ambalo msuko hauhitaji hata kidogo, na mzee Gobila, jirani mwema wa kituo, amepewa wema wa kitoto tu. Ninalisoma kosa hilo kwa huzuni, hasa kwa sababu limo ndani ya kazi ambayo kwingine inaona vizuri ajabu. Makola huyo huyo ndiye mwenye akili kuliko wote kituoni, anayeijua biashara, anayeijua homa, mwenye mke na watoto. Conrad alimwona kama mtu aliyekamilika, kisha akashindwa kulivumilia alilokuwa ameliona, akambandika pepo.

Gobila anaacha kuja, maana usiku ule mmoja wa watu wake aliuawa kwa risasi. Vyakula vinakwisha. Stima iliyotazamiwa baada ya miezi sita haionekani. Mkurugenzi ana vituo vyenye faida zaidi vya kutembelea. Wawili hao wanabaki na wali usio na chumvi na kahawa isiyo na sukari. Ndipo Conrad anapotuletea kifaa chake kidogo kuliko vyote. Vipande 15 vya mwisho vya sukari Kayerts amevifungia sandukuni, pamoja na nusu chupa ya brandi, kwa ajili ya atakayeugua. Carlier alikubali, akaona ni busara.

Siku moja Carlier anataka kipande kimoja katika kahawa yake. Kayerts anakataa. Carlier anamwambia sisi ni wauza watumwa, wewe na mimi, katika nchi hii hakuna mwingine ila muuza watumwa. Kwa mara ya kwanza ukweli umetamkwa kituoni, na umetamkwa kama tusi katika ugomvi wa sukari. Wanakimbizana kuizunguka nyumba, Kayerts amevimba miguu na ameshika bastola, wanagongana kwenye kona, risasi inalia. Carlier amekufa, na hakuwa na silaha. Makola anatazama, anafikiri, na kutoa ripoti nyingine fupi: amekufa kwa homa.

Kwa nini sukari, wakati ghalani kuna pembe za thamani kubwa? Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba Conrad alikuwa amegundua tabia ya hesabu. Mtu akishazoea kugeuza watu kuwa uzito kwenye kijikaratasi, hataweza tena kuchagua lini aache kuhesabu. Vibarua kumi walikuwa mbali na moyo wake. Rafiki yake alikuwa karibu. Lakini kipimo kilikuwa kimoja. Conrad angeweza kuwapiganisha juu ya pembe, na hadithi ingekuwa ya maharamia. Kwa kuwapiganisha juu ya kitu ambacho mtoto huomba dukani, ameonyesha umbali walioufikia bila wao kujua kwamba walikuwa wakitembea. Asubuhi ya pili ukungu unafunga mto, stima inapiga filimbi hatimaye, na mkurugenzi anapopanda ufukweni anamkuta Kayerts akining'inia msalabani, ulimi umetoka kumwelekea yeye.

Ufundi huu wa kutegesha idadi ndogo ndani ya jambo kubwa Conrad aliubeba hadi Nostromo, riwaya yake ya mwaka 1904. Nchi ya Costaguana ni ya kubuni, iko Amerika ya Kusini, lakini mgodi wa fedha wa San Tomé na mtaji wa tajiri wa San Francisco nyuma yake ni vitu tunavyovijua. Nostromo ni mnyapara wa makuli bandarini, Mwitaliano ambaye mji mzima unamwamini. Mali yake pekee ni sifa yake. Wakati wa machafuko anapewa tishari lililosheheni mikuo ya fedha aifiche isiangukie mikono ya waasi. Anaificha kisiwani na kumwacha mwenzake, Decoud, mlinzi. Upweke unamvunja Decoud. Anajipiga risasi baharini, mifukoni ameweka mikuo minne ili azame.

Nostromo anaporudi, hazina ipo, ila imepungua minne. Mji unaamini tishari limezama na fedha yote. Kama akisema ukweli, ataulizwa minne iko wapi. Mwenye kushuhudia amekufa. Mtu ambaye hajawahi kuiba hata senti hawezi tena kuirudisha hazina bila kuonekana mwizi, na kwa hiyo, ili alinde jina la uaminifu, inambidi awe mwizi wa hazina yote, akiichukua polepole, mkuo baada ya mkuo, usiku. Sijui msuko mwingine katika riwaya za karne ile ulioshikamana namna hii. Hakuna pepo aliyemwingia Nostromo. Kuna hesabu isiyotimia, na majivuno ya mtu aliyeishi kwa macho ya wengine. Conrad alijenga mtego ambao ungemnasa mwaminifu na kumwacha mwizi apite, maana mwizi asingejali kuulizwa juu ya minne.

Mara moja tu, katika Heart of Darkness, alikwenda na jambo hili kwa kimya zaidi. Hadithi inaanzia kwenye mashua ya matanga mtoni Thames, ambapo marafiki wanangoja maji, na mmoja wao, mhasibu, anatoa dhumna na kuzipanga-panga bila kucheza. Inakaribia kumalizikia katika sebule ya Ulaya yenye piano kubwa. Dhumna na vibonye vya piano vya wakati ule vilitengenezwa kwa pembe. Conrad hatuambii. Ameziweka mezani na kwenye kona ya chumba, akaendelea na mazungumzo, na msomaji anayejua pembe hutoka wapi anaachwa nazo.

Nimesema Conrad anakaa nje ya vichwa vya watu, na kwamba huo ni ubora wake. Lakini kuna watu ambao hakuwakaribia hata kwa nje. Wale kumi waliouzwa hawana majina. Usiku wa ngoma tunausikia kutoka kitandani kwa Mzungu. Walikokwenda, na minyororo gani, na nani kati yao alifika, hadithi haiulizi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, alianzia hapo hapo. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, na tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anafurahia ziara za tajiri Aziz nyumbani kwao kwa sababu ya sarafu anayopewa kila mgeni anapoondoka. Halafu siku moja anaondoka naye kwa treni, na anakuja kuelewa baadaye kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni.

Gurnah ana subira ya Conrad, na anaitumia kwa namna yake. Aziz hana macho ya kung'aa. Ni mpole, ananukia vizuri, anasema kwa adabu, na msomaji anajikuta akimpenda, akisafiri katika msafara wake kwenda bara, akitaka biashara ifanikiwe, mpaka anapokumbuka mtoto huyu amelipiwa nini. Wajerumani wapo pembezoni mwa kitabu, wanasogea kila sura, na tunajua watachukua kila kitu. Ila kabla hawajafika, daftari la madeni lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwa lugha yetu, na Gurnah hakuligeuzia mgongo. Amemkalisha msomaji upande wa yule aliyewekwa kwenye mizani, akamwachia Yusuf ahesabu mwenyewe.